Nyumba Nayo Hulea



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya malezi: namna baba na mama wanavyowalea watoto, namna walimu wanavyowasaidia wazazi, namna vijana wanavyopaswa kuwatunza wazee. Juma hili twataka kusema juu ya mlezi mmoja asiyetajwa, kwa sababu hana mdomo. Mlezi huyo ni nyumba yenyewe: kuta zake, madirisha yake, viti vyake, na mahali kilipowekwa kila kitu ndani yake.

Mtu aweza kucheka na kusema: “Nyumba ni matofali na bati, itamleaje mtu?” Tuangalie kidogo. Mtu akiingia kanisani hupunguza sauti bila kuambiwa. Akifika sokoni huipandisha. Akiketi ofisini mbele ya meza pana, karani yuko upande wa pili, huwa mnyonge, akasahau maneno aliyoyaandaa njiani. Mkutanishe na karani yule yule chini ya mwembe, naye atamweleza shida zake zote mpaka mwisho. Mtu ni yule yule. Mahali ndipo palipobadilika, napo pamemwambia: hapa nyamaza, hapa paza sauti, hapa ogopa, hapa sema.

Wazee wetu walilijua jambo hilo, na lugha yenyewe yashuhudia. Huko pwani, Zanzibar na Lamu, kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, karibu na mlango, huitwa baraza. Hapo mgeni hupokewa, na hapo majirani huketi jioni. Na watu wakikutana kwa shauri, mkutano wao nao huitwa baraza. Neno moja lataja mahali na tendo pia. Tena neno hilo lilisafiri hata likafika Kongo, na Wabelgiji waliokaa huku zamani walilichukua katika Kifaransa chao, wakasema barza kwa maana ya veranda. Basi mahali pa kuketi na mazungumzo ni ndugu wa tumbo moja. Mwenye kujenga la kwanza ameliita la pili.

Mgonjwa alalaye hutazama nini?

Siku hizi wako wasomi ambao kazi yao ni kuchunguza jinsi vyumba vinavyogusa mioyo na mienendo ya watu. Sehemu kubwa ya elimu hiyo ilipatikana hospitalini, wala si ajabu. Mwenye afya akichukizwa na chumba, hutoka nje. Mgonjwa hana ruhusa hiyo. Chumba kikiwa kibaya, atakinywa kama dawa chungu, mchana na usiku.

Mwaka 1859 Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza aliyewahudumia askari katika vita ya Krimea, alitoa kitabu juu ya kazi ya kuuguza. Hakusema juu ya dawa na vidonda tu. Alisema juu ya hewa safi na nuru ya jua, na juu ya uchovu wa mgonjwa ambaye macho yake huona ukuta ule ule siku zote. Alisema pia juu ya makelele ya bure. Aliwakaripia hasa wale wanaonong’onezana karibu na mgonjwa, kwa maana mgonjwa hujikaza apate kusikia, na kujikaza huko kwamchosha kuliko sauti kubwa.

Miaka 70 baadaye jambo hilo lilitiwa katika matofali, huko Ufini, kaskazini mwa Ulaya. Kifua kikuu kiliua watu wengi siku zile. Dawa ya kukiponya ilikuwa haijapatikana bado, kwa maana streptomisini iligunduliwa mwaka 1943. Tiba ilikuwa pumziko, chakula chema, jua, na hewa ya msitu wa misonobari. Nayo ilidumu miezi mingi. Mwaka 1929 mashindano ya kuchora hospitali mpya ya Paimio yalifanyika, naye aliyeshinda ni Alvar Aalto, aliyefanya kazi pamoja na mkewe Aino. Hospitali ilikamilika mwaka 1933.

Aalto alijiuliza swali dogo: mtu atakayekitumia chumba hiki atakuwa katika hali gani? Vyumba vingi huchorwa kwa ajili ya mtu aliyesimama. Lakini huyu atakuwa amelala chali. Kwake yeye dari ndiyo ukuta wa mbele. Kwa hiyo Aalto aliipaka dari rangi ya kijani iliyotulia, isiyochoma macho. Taa aliiweka mahali ambapo mwanga wake haumpigi mgonjwa usoni. Kila chumba kilikuwa cha wagonjwa wawili, na kila mmoja alikuwa na beseni lake la kunawia, lililopindwa kwa namna ambayo maji huteremka bila kelele, ili mmoja akinawa usiku asimwamshe mwenzake. Vishikio vya milango vilitengenezwa visinase mikono ya makoti ya waganga. Hata kiti cha mapumziko kilipewa mgongo uliolala kidogo, ili kifua cha mgonjwa kipate kupumua vizuri.

Twaomba msomaji atambue kwamba ndani ya mambo hayo yote hamna dhahabu wala marumaru. Mna rangi, taa iliyosogezwa, na beseni lililopindwa. Ila nyuma ya kila kimoja yupo mtu aliyekubali kujilaza kwa mawazo yake mahali pa mgonjwa, akatazama juu.

Viti vilivyowanyamazisha akina bibi

Habari ya pili yatoka Kanada, katika jimbo la Saskatchewan, miaka ya 1950. Katika hospitali moja kubwa palikuwa na wodi ya wanawake wazee. Wodi ilikuwa imetengenezwa upya: rangi mpya, mapazia mapya, viti vipya. Wakubwa walitazamia furaha. Lakini akina bibi waliketi kimya, siku nzima, kama abiria wasiojuana wakingojea gari la moshi.

Mganga mkuu, Humphry Osmond, alimwomba kijana mmoja msomi wa tabia za watu, Robert Sommer, achunguze sababu. Sommer aliona viti vyote vimepangwa ubavu kwa ubavu, vikiegemea kuta. Mpango huo uliwafaa wafagiaji, maana katikati palikuwa peupe, na vigari vya chakula vilipita bila taabu. Lakini bibi aliyetaka kusema na jirani yake ilimlazimu kuipinda shingo, na aliyetaka kusema na mwenzake wa upande wa pili ilimlazimu kupiga kelele. Basi walinyamaza. Na wageni waliopita waliwaona, wakadhani ni uzee.

Viti vikaondolewa ukutani, vikawekwa kuzunguka meza ndogo ndogo. Siku za kwanza mpango huo haukupendeza. Akina bibi wenyewe walivirudisha viti ukutani, kwa maana kila mmoja alikuwa amezoea mahali pake na kupahesabu kuwa pake. Ilihitaji uvumilivu. Lakini baada ya majuma kadhaa wachunguzi walihesabu tena mazungumzo, wakaona yamekaribia kuongezeka mara mbili. Hawakuwapa akina bibi dawa yoyote mpya kwa ajili ya hayo.

Kutokana na kazi kama hizo Osmond alifundisha kwamba vyumba ni vya namna mbili: viko vinavyowatawanya watu, kama mahali pa kungojea gari la moshi, na viko vinavyowakusanya. Hakusema kwamba namna moja ni njema na nyingine mbaya. Mwenye kusoma au kusali peke yake ahitaji chumba kisichomsukuma kwa wengine. Ubaya ni kumketisha mtu mwenye kiu ya mazungumzo mahali pa kutawanya, kisha kumlaumu kwamba hasemi.

Dirisha lenye miti

Mwaka 1984 Roger Ulrich, Mmarekani, aliandika habari ndogo iliyosomwa dunia nzima. Alizichunguza hati za hospitali moja ya jimbo la Pennsylvania, za miaka 1972 hadi 1981, juu ya wagonjwa waliopasuliwa na kutolewa kibofu cha nyongo. Alichagua wagonjwa 46, akawapanga wawili wawili waliofanana kwa umri na hali. Mmoja wa kila jozi alilazwa penye dirisha lililotazama miti. Mwenzake dirisha lake lilitazama ukuta wa matofali. Wa miti walikaa hospitalini siku 7.96 kwa wastani. Wa ukuta siku 8.70. Wa miti waliomba dawa kali za maumivu mara chache zaidi, na wauguzi waliandika malalamiko machache juu yao.

Tusilitie jambo hili chumvi. Wagonjwa 46 ni wachache, na mti hauponyi nyongo. Aliyewaponya ni mganga mwenye kisu. Lakini habari hiyo yaonyesha kwamba macho ya mgonjwa nayo yana njaa, na kwamba kuyalisha si anasa.

Mlango wa pili: Butaro

Pengine msomaji atasema: “Hayo ni mambo ya nchi tajiri. Sisi tupate kwanza dawa.” Twajibu kwa habari mbili za bara letu.

Mwaka 2006 waganga walitoa habari ya kuogofya kutoka Tugela Ferry, mji mdogo wa mashambani huko Afrika ya Kusini. Kifua kikuu cha namna isiyosikia karibu dawa zote kilikuwa kimepatikana kwa wagonjwa 53, na katika hao 52 walifariki. Wengi wao walikuwa wamelazwa hospitalini hapo kabla. Huko ndiko walikofikiriwa kuambukizana, katika wodi zilizojaa na hewa isiyotembea. Hapo chumba hakikumhuzunisha mgonjwa tu, kilisaidia kumwua.

Msiba huo uliwafundisha watu. Ulipofika wakati wa kujenga hospitali ya Butaro, katika wilaya ya Burera, kaskazini mwa Rwanda, serikali ya Rwanda na shirika la Partners In Health walifanya kazi pamoja na wachoraji vijana wa chama kiitwacho MASS Design Group. Hospitali ilifunguliwa mwaka 2011. Tena haiko mbali nasi: kuta zake ni za mawe meusi ya milima ya moto ya Virunga, ile ile inayosimama pia juu ya Goma na Rutshuru, nayo yalichongwa na kupangwa na waashi wa huko huko.

Wachoraji waliondoa ile njia ndefu ya ndani ambamo wagonjwa hukaa wamebanana wakikoholeana. Wangojeao huketi nje, chini ya veranda, penye upepo. Ndani ya wodi, madirisha ni mapana, na juu mna mapanga makubwa ya upepo yazungukayo polepole, yakiisogeza hewa chafu itoke. Na vitanda? Katika wodi nyingi za zamani kichwa cha mgonjwa huwa ukutani chini ya dirisha, na macho yake humwelekea mgonjwa mwenzake wa upande wa pili. Pale Butaro ukuta mfupi ulijengwa katikati ya chumba, vichwa vya vitanda vikawekwa kwake, na miguu ikaelekea nje. Basi mgonjwa afumbuapo macho hakutani na mateso ya mwenzake. Aona dirisha lake, na nje ya dirisha vilima vya nchi yake.

Tazameni: kitanda ni kile kile, wala hakikuongezewa bei. Kiligeuzwa.

Nyumbani mwetu

Sasa turudi nyumbani. Wengi wetu twakaa katika nyumba za kupanga, au katika nyumba tulizorithi, na hatuwezi kuvunja kuta. Lakini viti na vitanda ni vyetu. Tutaje mambo manne.

La kwanza ni sebule. Tukiingia katika sebule nyingi za Lubumbashi au Bukavu, twaona makochi yamepangwa kuzunguka kuta, na katikati meza yenye kitambaa, kama chumba cha kungojea mkubwa. Mahali pengine viti vyote vimeuelekea televisheni, hata wanaoketi hawaonani nyuso. Kisha baba alalamika kwamba watoto hawazungumzi naye. Je, chumba kimewaruhusu? Avute viti vitatu au vinne karibu, vielekeane kidogo, si kama mahakamani bali kwa mshazari, ili mtu aweze kumtazama mwenzake, na akipenda aweze kutazama pengine. Televisheni ikae pembeni, isiwe mwenye nyumba.

La pili ni mtoto asomaye. Hatumwombei chumba chake mwenyewe, kwa kuwa wachache wanacho. Twamwombea pembe moja iliyo yake saa fulani ya jioni. Meza isielekee mlango wala televisheni. Taa isiwe nyuma yake, maana ataandika ndani ya kivuli chake. Kwa aandikaye kwa mkono wa kuume, nuru itoke kushoto. Na mahali ambapo kuta hazitoshi, saa yaweza kufanya kazi ya ukuta: nyumba nzima ikikubaliana kunyamaza saa moja, watu wanane katika chumba kimoja wamemjengea mtoto chumba cha kusomea.

La tatu ni mzee na mgonjwa. Tuna desturi ya kumpa mzee chumba cha nyuma, ili asisumbuliwe. Nia ni njema, lakini mara nyingi tunda lake ni upweke. Hasumbuliwi, wala hasalimiwi. Kiti chake na kiwekwe mahali watu wa nyumbani wanapopita, aone nani atoka na nani arudi, aitwe na kuulizwa. Usiku njia yake ya kwendea choo iwe na taa, isiwe na ndoo wala mkeka wa kumkwaza. Na mgonjwa akilala siku nyingi, geuzeni kitanda chake aone mlango au dirisha. Wala msisemezane kwa siri karibu naye.

La nne ni jiko. Twastaajabu kwamba chumba anachokaa mama saa nyingi kuliko vyote ndicho kinachofikiriwa mwisho. Hugeuzwa aelekee ukuta, moshi ukimjaa machoni na kifuani, na moshi huo si wa kuchukiza tu: huharibu mapafu yake na ya mtoto aliye mgongoni. Tundu la kutolea moshi juu, dirisha upande wa pili hewa ipite, na kigoda cha mtu wa kumsindikiza kwa mazungumzo: fundi wa kawaida aweza kuyafanya hayo kwa siku chache.

Onyo moja tu. Yule mwenye kupanga nyumba asipange peke yake. Tumeona akina bibi wa Kanada walivyorudisha viti ukutani: mpango ulikuwa mwema, lakini mahali palikuwa pao. Baba akiamka siku moja akahamisha kiti cha mamaye bila kumwuliza, hata akikipeleka mahali pazuri, amemfundisha kwamba nyumba si yake tena. Aulize kwanza. Na tusidhani kwamba viti vitafanya kazi ya upendo. Nyumba iliyopangwa vema yenye ugomvi ni nyumba ya ugomvi bado. Lakini nyumba mbaya huuchosha hata upendo uliopo.

Kwa hiyo, wasomaji wapenzi, twawapa kazi moja ya Jumapili alasiri. Kila mmoja akae kidogo mahali pa mwenzake. Baba akalale katika kitanda cha bibi, atazame anachokiona bibi. Kijana asimame jikoni, moto ukiwaka, mpaka maji yachemke. Mama akae katika kigoda cha mtoto wakati wa masomo, ajaribu kusoma mistari kumi kwa nuru ile ile. Kisha mkutane barazani, mwulizane: kitu gani kisogezwe? Na kabla ya jioni kisogezeni.